Walezi wa UKWATA, TYCS na CASFETA, watoeni watoto nje ya geti

Walimu wenzangu mliopewa ulezi wa vikundi vya wanafunzi Wakristo sekondari, kama UKWATA, CASFETA au TYCS ya Wakatoliki, naongea na nyie. Wengi wetu tuna ratiba mbili ambazo hazisalimiani kabisa. Kuna kipindi cha dini, maombi, kwaya na semina, halafu mara moja kwa mwaka karibu na Pasaka tunakodi kosta tunapeleka sabuni na sukari kwa wazee, tunapiga picha tunarudi. Mimi nimefanya hivyo miaka kadhaa, mpaka siku tumeingia kwa bibi mmoja tukakuta miche ya sabuni imejaa chini ya kitanda, vikundi vingine vilishapita wiki hiyohiyo, na maji ya kufulia hana, bomba liko mbali na magoti hayamruhusu. Tukaongeza ya kwetu pale, tukaimba, tukaondoka. Jamani niliona aibu.

Tangu hapo tunafanya hivi.

Chagua sehemu ya kufikika kwa miguu. Kama huzijui nyumba, muulize mjumbe wa mtaa au viongozi wa jumuiya, hao ndio wanajua nani hajatembelewa siku nyingi. Mkuu wa shule aandike barua kwa serikali ya mtaa, wazazi wajulishwe, na kama ni kituo cha watoto pitia ustawi wa jamii kwanza, usivamie tu. Nyumba mbili au tatu zinatosha sana, maana siri yote ni kurudi palepale kwa watu walewale, sisi tunaenda Jumamosi moja katika kila mbili baada ya usafi. Kikundi kiwe cha wanafunzi nane hivi na walezi wawili, mmoja awe mwanamke, na uchanganye form one na form three ili wadogo wajifunze kwa wakubwa. Form four wakianza mock waachie, mtihani wa Novemba hauna huruma.

Sasa hapa kuna jambo walezi wengi hawalioni. Shuleni kwetu kufyeka na kuchota maji ni adhabu. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya 1967 ilitaka kazi iwe sehemu ya kusoma, lakini nenda shule yoyote leo ukamuulize mwanafunzi jembe ni la nini, atakwambia la waliochelewa. Sasa mtoto wa namna hiyo ukimpa ndoo Jumamosi anajiuliza amekosa nini. Dawa yake ni moja tu, mlezi ubebe ndoo na wewe, ushike kwanja na wewe, na usimpeleke mtu yeyote huduma kwa sababu ya kosa la nidhamu, hata mwalimu wa zamu akikuomba. Asiyetaka kwenda asiende, wala usimpunguzie kitu.

Wa TYCS mnaijua Ona, Amua, Tenda, ile njia ya Cardijn, padre wa Ubelgiji aliyekuwa analea vijana wafanyakazi miaka ya 1920. Hata wasio Wakatoliki wanaweza kuitumia, shida ni kwamba wengi tunaruka moja kwa moja kwenye Tenda. Ziara ya kwanza msibebe chochote. Nendeni mkaone tu, kaeni, pigeni stori. Mkirudi fungueni Yakobo sura ya 2 kuanzia mstari wa 14, pale pa imani bila matendo, halafu waulize wanafunzi bibi anakosa nini na kwa nini anakosa. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayowasha moto, maana kuna mtoto atakumbuka bibi yake mwenyewe kijijini na simu ambazo baba yake hapokei, na hapo hakuna mahubiri yatakayomshinda bibi huyo. Kazi ipangwe na wao. Wa kwangu walisema madumu manne ya maji kila tukienda na kuziba paa la jiko, sabuni hakuna aliyeitaja.

Ukifika, fanya kazi kwanza. Mwenye nyumba akitaka kuombewa atasema. Mtaani kwetu nusu ya wazee ni Waislamu na tunawachotea maji vilevile, hatumgeuzi mtu dini kwa dumu la maji. Wanafunzi Waislamu wakitaka kuja wanakuja, tukisali wao hawalazimishwi.

Ulezi wenyewe unafanyika mkiwa njiani mnarudi. Mtoto ukimkalisha mbele ya meza yako atakupa majibu ya kipindi cha dini, ila akiwa na ndoo tupu mkononi anaongea. Usimuulize "umejifunza nini", atakwambia upendo, mwalimu. Muulize nini kimemkera leo. Mmoja aliniambia harufu ya mule ndani, na kwamba alichukia alivyojisikia, tukaongea mpaka getini. Hayo ni mazungumzo ya imani hata kama hakuna mstari uliosomwa.

Mtoto akianza kukueleza jambo zito, kupigwa au kuguswa vibaya, usiahidi kwamba utaficha, na usijifungie naye ofisini. Mwambie mapema kuna mambo lazima yaende mbele, kisha uyapeleke, kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na namba 116 ya kusaidia watoto.

Picha hapana. Mathayo 6 iko wazi, ukitoa sadaka mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, na simu ya mlezi nayo ni mkono. Mkuu akitaka ripoti mwandikie nusu ukurasa.

Na likizo za Juni na Desemba ndizo zinazoua hii kitu, bibi anasubiri na geti limefungwa. Ongea na wanafunzi wa kutwa au vijana wa kanisa la karibu wiki mbili kabla ya kufunga, nenda nao nyumba kwa nyumba wakatambulishwe, na muandikie bibi kwenye kalenda yake ya ukutani tarehe mtakayorudi.