Hata robo kidonge usimpe: maumivu na majeraha kwa paka mzee mwenye kisukari

“Nilimpa robo tu.” Wanaoniambia hivi si wazembe. Ni watu ambao kila baada ya saa 12 wanamchoma paka wao insulini, wanampima sukari na kuandika kwenye daftari. Lakini siku paka anapotua vibaya akaanza kuchechemea, au anaporudi na jeraha la kung'atwa, wanachukua paracetamoli yao wenyewe na kuikata kwa kisu. Mkono unaoogopa kuzidisha uniti moja ya insulini unakadiria kidonge kwa macho! Ndiyo maana naandika.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Kidonge cha kawaida cha paracetamoli kina miligramu 500. Paka wa kilo 4 akipewa nusu amepata miligramu 250, yaani zaidi ya miligramu 60 kwa kila kilo ya uzito wake. Akipewa robo, ni zaidi ya 30 kwa kilo. Sumu imewahi kuonekana kwa paka waliopata miligramu 10 tu kwa kilo, na kwa huyu wetu hiyo ni miligramu 40. Gawa kidonge vipande 12, kimoja tu kinamtosha kumdhuru. Kwa hiyo msiniulize dozi salama ya paracetamoli kwa paka, haipo. Siropu ya watoto ni dawa ile ile. Dawa nyingi za mafua nazo zinayo ndani yake, soma pakiti.

Ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya ambavyo kwa binadamu huifunga paracetamoli na kuitoa. Kwa paka inageuka kuwa kemikali inayoharibu chembe nyekundu za damu, hata zishindwe kubeba hewa safi. Ndani ya saa chache, mara nyingi kati ya 4 na 12, fizi hubadilika kuwa za kahawia au bluu, kupumua kunakuwa kwa shida, uso na nyayo huvimba. Wenye paka wa kisukari hukosea hapa mara ya pili. Wanamwona amelegea, wanadhani sukari imeshuka, wanampaka asali na kusubiri. Pima kwanza. Mashine ikisoma chini ya 3.5 kwa milimoli (63 kwa miligramu), ni kweli imeshuka: mpake asali ufizini, kisha mkimbize. Ikisoma juu ya hapo na fizi zina rangi ya udongo, asali haitasaidia kitu.

Ukishampa, usingoje dalili. Ondoka naye saa hiyo hiyo, na beba pakiti. Daktari atataka uzito wa paka, miligramu alizomeza, saa aliyomeza, na sindano ya mwisho ya insulini ilikuwa saa ngapi na uniti ngapi. Dawa ya kupambana na sumu hii ipo, ni asetilisisteini, huanza kwa miligramu 140 kwa kilo na kuendelea kwa 70 kila baada ya saa 6, na kila saa unayochelewa inapunguza kazi yake. Usimtapishe nyumbani kwa maji ya chumvi, chumvi nyingi nayo ni sumu. Maziwa hayaondoi chochote. Na tafadhali usifiche ulichompa! Kuna wanaoona aibu, wakasema paka “ameamka hivi tu”, na daktari akapoteza muda kutafuta kisichokuwepo.

Wengine hujitetea kuwa hawatumii paracetamoli, wanatumia ibuprofeni au diklofenaki. Haina nafuu. Dawa hizo huchoma tumbo na kupunguza damu inayofika kwenye figo, na paka mzee mwenye kisukari anakojoa sana, hukaukiwa maji upesi, na mara nyingi figo zake zimeshachoka kabla hujagusa dawa yoyote. Aspirini inaweza kuchukua hadi saa 40 hivi nusu yake tu itoke mwilini mwa paka, hivyo ukimpa kila siku, dozi ya leo inairundikia ya jana. Dawa ya kupaka ni hatari vilevile, kwa kuwa paka hulamba kila kinachopakwa. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya paka kuugua na wengine kufa katika nyumba ambamo watu walijipaka wenyewe dawa ya maumivu yenye flurbiprofeni. Paka hawakupakwa.

Basi apewe nini? Anachoandikiwa kwa uzito wake wa wiki hii. Mpime kwenye mizani: jipime ukiwa umembeba, kisha bila yeye, utoe. Daktari anaweza kuchagua buprenofini kwa maumivu makali ya siku chache, au gabapentini. Kwa viungo vilivyochakaa kuna sindano ya frunevetimabu, mara moja kwa mwezi, iliyoidhinishwa Ulaya mwaka 2021 na Marekani mwaka 2022.

Meloksikamu nayo hutumika kwa paka, lakini isikilizeni vizuri. Chupa ya paka ina miligramu 0.5 kwa mililita, ya mbwa ina 1.5. Kipimo kilichoidhinishwa Ulaya kwa maumivu ya viungo vya paka ni miligramu 0.1 kwa kilo siku ya kwanza, kisha 0.05 kwa kilo mara moja kwa siku. Kwa paka wa kilo 4 hiyo ya kila siku ni mililita 0.4 ya chupa ya paka. Ukivuta 0.4 hiyo hiyo kwenye chupa ya mbwa umempa mara tatu. Marekani chupa yenyewe imebandikwa onyo kwamba kuirudia kunaweza kuua figo za paka. Kwa hiyo ni dawa ya kuanza baada ya figo kupimwa, apewe akiwa amekula. Asipokula, hiyo dozi usimpe.

Jambo ambalo lazima ulitamke mwenyewe hata kama faili liko mezani: “Huyu ana kisukari.” Liseme kabla bomba la sindano halijajazwa. Deksamethasoni na prednisoloni hutuliza uvimbe haraka, lakini hupandisha sukari na kuifanya insulini isifanye kazi. Tena hazichanganywi na meloksikamu.

Sasa insulini yenyewe. Maumivu na usaha hupandisha sukari. Utaona namba zimepanda na mkono utakuwasha kuongeza uniti. Usiongeze. Maumivu yakishatulia sukari itashuka, na uniti ulizoongeza zitamwangusha usiku umelala. Upande wa pili, paka mwenye maumivu hugoma kula, na kumchoma dozi kamili tumbo likiwa tupu ni hatari kubwa zaidi. Leo, kabla hajaumia, mwombe daktari akuandikie kwenye karatasi: akila nusu nichome uniti ngapi, asipokula kabisa nifanye nini. Ibandike karibu na insulini. Saa 24 bila kula kwa paka huyu ni dharura, maana asidi ya kisukari (asidi inayojaa kwenye damu mwili unapochoma mafuta badala ya sukari) na mafuta kujaa kwenye ini havingoji. Kama badala ya sindano anapewa dawa ya kisukari ya kumeza, bekzagliflozini au velagliflozini, siku asipokula dawa inasimama na unampigia daktari siku hiyo hiyo, hata kama sukari inasoma vizuri. Kwa dawa hizo asidi inaweza kupanda sukari ikiwa ya kawaida.

Jeraha: chemsha nusu lita ya maji, tia chumvi kijiko kimoja cha chai kisichojaa, yapoe kabisa, kisha mwagia kwa bomba lisilo na sindano. Acha spiriti, na acha kabisa dawa ya kuulia vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ikitiwa maji, inamdhuru paka. Jeraha la meno hufunga juu haraka na usaha huonekana siku 2 hadi 4 baadaye. Kwa mwenye kisukari usisubiri uvimbe, mpeleke siku ile ile.

Kujua kama anaumia, usitegemee mlio. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walitoa mwaka 2019 kipimo cha uso: masikio, macho, mdomo, sharubu na jinsi anavyobeba kichwa, kila kimoja alama 0 hadi 2. Jumla ikifika 4 kati ya 10, anahitaji dawa ya maumivu. Mwangalie akiwa macho na ametulia, si akila wala akijilamba. Akianza kuruka, kula na kujisafisha tena, dawa inafanya kazi.

Na akitembelea visigino vya miguu ya nyuma, huenda hajateguka. Sukari iliyokaa juu muda mrefu hudhoofisha neva za miguu, na hapo kinachotakiwa ni kurekebisha insulini kwa kupimwa. Wangapi wamepewa vidonge vya binadamu kwa mguu usiouma!