Kisanduku kitupu si "hapana": kupanga wagonjwa kwa dodoso la kifua kikuu

Mimi ni muuguzi wa CTC, kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, hapa Tanga. Kila asubuhi majibu ya dodoso huingia kwenye kompyuta kabla daktari hajaanza kuita, ili anayetakiwa kupimwa makohozi asikae benchi moja na waliofuata dawa tu. Excel inatosha.

Maswali ni yale manne ya Shirika la Afya Duniani kwa WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU: kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho la usiku. "Ndiyo" moja tu, mtu apimwe. Ila uliza kwa lugha yake. Huku pwani nani hatoki jasho usiku? Mimi huuliza, "Mama, unaamka shuka limelowa?" Na kabla ya mizani, nauliza kama sketi au mkanda umeanza kupwaya.

Safu A weka namba ya kliniki, jina libaki kwenye faili la kabati, na kompyuta iwe na nywila. Safu B hadi E ni majibu: 1 ni ndiyo, 0 ni hapana. Swali lisilojibiwa, acha kisanduku kitupu. Safu F andika:

=IF(SUM(B2:E2)>0,"APIMWE",IF(COUNT(B2:E2)<4,"AULIZWE TENA","HANA DALILI LEO"))

Kompyuta nyingine hutaka nukta mkato badala ya mkato.

Usigeuze mpangilio huo. Anayekohoa apimwe hata kama kayaruka maswali mengine matatu. Asiye na "ndiyo" lakini ana pengo, arudi kwangu.

Nasisitiza pengo kwa sababu kituo nilichofanyia kazi zamani, jedwali lilijijazia 0 kila palipoachwa wazi. Mzee mmoja mwenye uziwi aliruka swali la kikohozi miezi mitatu mfululizo, kompyuta ikamhesabu mzima. Alirudi anakohoa damu.

Usiandike "SALAMA" pia. Dodoso linajua ya leo tu. Hudhurio lijalo anaulizwa upya.

Kabla ya kuanza, ingiza dodoso za zamani zenye majibu ya maabara, uhesabu wagonjwa wa kweli walioachwa na jedwali. Hao wanipa wasiwasi kuliko waliopimwa wakakutwa hawana.

Na mtu akiingia anakohoa huku safu F inasema hana dalili, mpe kikopo cha makohozi kwanza, halafu ndio urudi kukagua alivyoulizwa.