Kabla ya kuongeza mbolea, angalia mwanga na maji

Wengi wetu tunaokuza sukuma wiki katika roshani za Nairobi hukimbilia mbolea majani yanapodhoofika, ilhali sehemu kubwa ya uzito mkavu wa mmea haitoki kwenye udongo, bali hujengwa kwa kabonidioksidi ya hewani na maji yanayofyonzwa na mizizi. Ndani ya kloroplasti, yaani visehemu vidogo vya kijani vilivyomo katika seli za jani, molekuli 6 za kabonidioksidi na 6 za maji hugeuzwa, kwa nguvu za mwanga, kuwa molekuli 1 ya glukosi, ambayo ni aina ya sukari, na 6 za oksijeni. Oksijeni hiyo, jambo ambalo naona halisisitizwi vya kutosha, hutoka kwenye maji, wala si kwenye kabonidioksidi.

Kwa hiyo, kagua kwanza kile kinachoingia. Udongo ukikauka, mmea hufunga vitundu vidogo vya majani ili usipoteze maji zaidi, na kabonidioksidi nayo hukosa njia ya kuingia, hata jua liwe kali namna gani. Ndiyo sababu nashauri umwagilie asubuhi mapema. Pangusa vumbi la barabarani kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa huzuia mwanga. Mwezi wa Julai, mawingu yanapotanda jijini siku nyingi, sogeza ndoo au gunia dogo hadi ukingo wa roshani. Majani ya chini yakigeuka manjano ingawa mwanga na maji vinatosha, huenda kirutubisho cha naitrojeni kimepungua udongoni, na hapo ndipo samadi iliyooza vizuri itakapokufaa.