Kabla hujakausha mbegu za miti ambazo zimeshaanza kuota

Kwanza kabisa angalia kizizi, kimetoka au bado, maana hapo ndo penye mpaka. Mbegu za miti kama migunga ukiziloweka zikavimba tu halafu ukazikausha tena zinavumilia vizuri, ila kizizi kikishachomoza uvumilivu unashuka haraka, na kila milimita kinayorefuka inazidi kukuharibia. Kwa hiyo usikaushe kwa mkupuo mmoja mbegu zote, zitenge kwa urefu wa kizizi, la sivyo matokeo yatakuchanganya.

Kinachotokea ni kwamba seli za ncha ya mzizi zinapoota zinaanza kunakili DNA yao zijiandae kugawanyika, sasa ukiziondolea maji katikati ya hiyo kazi DNA inakatika, na wakati huohuo zile kemikali kali za oksijeni zinaongezeka na kuharibu utando wa seli. Maji yakirudi seli inajaribu kujikarabati kwanza, ikishindwa inajiua yenyewe kwa mpangilio, inaikatakata DNA vipande vya karibu herufi 180 au mafungu ya hiyo namba, ndo maana maabara ukiipitisha kwenye jeli (jeli inatenganisha vipande kwa urefu) unaona mistari imepangana kama ngazi. Ukiona moshi tu wa mistari iliyofutika basi hicho ni kifo cha fujo, sio cha mpangilio.

Jingine, jua mti wako ni wa aina gani. Embe, parachichi, kakao, mpira, hizo mbegu hazina kipindi cha kuvumilia kukaushwa kabisa, hata kabla ya kuota, wakati migunga unaishusha mpaka unyevu wa asilimia 5 hivi na inakaa miaka. Na kasi ya kukausha nayo ina vituko vyake, maana viini vya mbegu zisizovumilia ukivitoa na kuvikausha haraka vinafika unyevu wa chini zaidi kabla ya kufa, lakini zile zinazovumilia zikishaota mara nyingi zinataka taratibu ili zipate muda wa kutengeneza tena sukari na protini za kujikinga.

Unyevu pima, usikisie kwa macho: toa sampuli, oveni nyuzi 103 saa 17, pima uzito kabla na baada (mbegu za sampuli ndo basi tena, hazioti). Weka pia kundi ambalo hulikaushi kabisa uwe na cha kulinganisha nacho. Wakati wa kurudisha maji usizitumbukize moja kwa moja, zianzie kwenye hewa yenye unyevu mwingi.

Halafu usikimbilie kutupa! Ncha ya mzizi inaweza kufa ila mbegu bado ipo hai, mara nyingine inatoa mizizi ya pembeni na mche unaendelea, kwa hiyo ukipaka tetrazoli (dawa inayogeuza sehemu zilizo hai kuwa nyekundu) angalia wekundu umeishia wapi, subiri siku kadhaa ndo uhesabu zilizokufa.