Kabla Panya Hawajaanza Kufukua Maua ya Ndani

Panya akianza kufukua vyungu vya maua sebuleni, ujue ameshaishi humo ndani siku kadhaa. Kilichomleta ni gunia la mahindi, pumba za kuku, mukene (dagaa) waliofungwa kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), au makombo yaliyobaki chini ya sigiri (jiko la mkaa). Maua ameyakuta tu. Ndiyo sababu maandalizi yanayoanzia kwenye chungu huwa hayafiki mbali: leo unafunika udongo wa ua moja, kesho anahamia la pili, kwa kuwa bado analala nyuma ya kabati lako. Kazi ianzie kwenye chakula, ipitie kwenye mitego na matundu ya ukuta, kisha ndipo ifike kwenye chungu.

Wakati nao una maana yake. Kusini mwa Uganda mvua hunyesha misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na mahindi huvunwa karibu na Juni na Julai, kisha tena Desemba na Januari. Panya wa shambani huzaana sana mvua zikishanyesha, na shamba likivunwa wanakosa chakula na maficho, basi wanafuata magunia mpaka nyumbani. Kwa hiyo ukarabati ufanyike Mei na Novemba, kabla gunia la kwanza halijaingia ndani. Kaskazini, kama Acholi na Lango, ambako msimu wa mvua ni mmoja mrefu, angalia mavuno ya kwenu yanaangukia lini, urudi nyuma wiki tatu. Muda huo unatosha, lakini hauna ziada: panya mdogo wa nyumbani (aina isiyokua kubwa, si mtoto wa panya) hubeba mimba siku 19 hadi 21, na watoto wake huweza kuanza kuzaa wakiwa na wiki sita hivi.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, hakikisha kweli ni panya. Paka naye hufukua chungu, ila yeye hufukia alichoacha na harufu yake haijifichi. Kuku akiingia sebuleni hutawanya udongo mpaka katikati ya sakafu. Panya huchimba kishimo chembamba pembeni mwa chungu, udongo kidogo ukabaki kwenye ukingo na kwenye kisahani. Tafuta kinyesi karibu na hapo: cha panya mdogo kina milimita 3 hadi 6 na ncha zilizochongoka, cha panya mkubwa wa darini kinafika milimita 12. Cha mende ni butu na kina mistari ubavuni. Cha mjusi kina kidoa cheupe mwishoni. Ukibaki na shaka, chekecha majivu ya sigiri uyatandaze membamba kando ya ukuta na kuzunguka chungu usiku, umulike tochi asubuhi kwa kuilaza sakafuni. Nyayo za panya zinaonyesha vidole vinne mbele na vitano nyuma, na mara nyingi mstari wa mkia katikati. Majivu hayo pia yanakuambia anatokea upande gani, na taarifa hiyo ndiyo utakayoihitaji zaidi baadaye.

Kuhusu chakula, watu wengi hudharau kiasi anachohitaji. Panya mdogo hushiba kwa gramu 3 hivi kwa siku, yaani punje chache tu za mahindi. Gunia la nailoni, kaveera na hata ndoo nyembamba ya plastiki havimzuii, atatoboa. Hamishia nafaka, karanga, pumba na chakula cha mbwa kwenye debe la bati au pipa lenye mfuniko unaobana. Sufuria zisilale na ugali au posho iliyogandia. Magunia ambayo hayana pa kwenda yainue juu ya mbao, sentimita 30 kutoka sakafuni na umbali huohuo kutoka ukutani, ili uweze kuona nyuma yake na kufagia.

Mitego itegwe chakula kikishafungiwa, si kabla. Panya aliyezungukwa na unga hana haja ya kuhangaika na karanga zako. Kosa la kawaida ni kutega mtego mmoja, kunasa panya mmoja, na kutangaza ushindi. Kwa nyumba ya vyumba viwili tega sita hadi kumi usiku uleule, kila baada ya mita mbili au tatu kando ya ukuta, kwa kuwa panya mdogo haendi mbali na kiota chake. Mtego wa kubana uwekwe kwa namna ya kuukingama ukuta, upande wa chambo ukigusa ukuta kabisa. Panya hupita akisugua ubavu ukutani, naye huukanyaga hata kama hakuufuata. Chambo kiwe kiasi cha punje ya mahindi: odi (karanga na ufuta vilivyosagwa pamoja), karanga za kusaga, au kipande cha mukene kilichofungwa kwa uzi. Ukipaka kijiko kizima atalamba pembeni na kuondoka bila kufyatua. Kwa panya wakubwa wa darini mambo ni tofauti, wao huogopa kitu kipya. Waachie mtego wenye chambo bila kuutega usiku tatu au nne, mpaka wale bila hofu, halafu ndipo utege.

Usiweke mtego juu ya udongo wa chungu. Springi yake itashika kutu kwa maji ya kumwagilia, na mtoto anayecheza na majani atabanwa kidole. Mahali pake ni sakafuni, kati ya chungu na ukuta. Mitego ya gundi hatuipendekezi: vumbi la nyumba zetu huikausha haraka, mijusi hunaswa kabla ya panya, na panya aliyenasa hufa polepole huku akikojoa kila upande.

Sumu ndiyo kitu cha mwisho kufikiria ndani ya nyumba yenye watoto, kuku au paka. Zile zinazozuia damu kuganda huua baada ya siku tatu hadi saba, na muda huo panya anatembea, anaingia darini au ndani ya ukuta, na huko anaozea. Harufu yake unaweza kukaa nayo wiki mbili. Zinki fosfidi huua haraka zaidi kwa kutoa gesi ikikutana na asidi ya tumboni, na inamfanya hivyohivyo mtoto au mbwa aliyeila. Vidonge vya fosfini vya kuhifadhia nafaka havitakiwi kabisa chumbani, maana gesi yake inaua watu waliolala. Vipakiti visivyo na lebo vinavyotembezwa sokoni na kwenye taksi paki viache. Daktari hawezi kutibu sumu ambayo hata jina lake halijulikani. Ukilazimika, nunua kwenye duka la pembejeo, kama yale ya Container Village pale Kampala, bidhaa iliyosajiliwa na Wizara ya Kilimo, ikiwa kwenye pakiti yake iliyofungwa, na uiweke ndani ya kisanduku kinachofungwa ambacho panya tu anaingia.

Sasa matundu. Panya mdogo hupenya mwanya wa milimita 6 au 7. Kipimo rahisi ni kalamu ya kawaida, ikipita kalamu, panya mchanga anapita. Mkubwa anahitaji milimita 12 hivi. Zunguka nyumba mchana ukiwa nje, kisha ingia ndani, funga madirisha na uangalie wapi mwanga unachungulia. Sehemu zinazosahauliwa ni mianya ya mawimbi ya mabati pale yanapokaa juu ya ukuta, tundu la bomba la maji chini ya sinki, waya wa umeme unapoingilia, na chini ya mlango wa chuma, ambao mafundi wengi huuacha ukielea sentimita mbili juu ya sakafu.

Tundu dogo lijaze stilwaya ya kusugulia sufuria, uisukume ndani kwa msumari mpaka ikaze, kisha ufunike kwa simenti moja kwa mchanga tatu. Stilwaya peke yake hushika kutu na kudondoka. Simenti peke yake, ikiwa bado mbichi, huchimbwa usiku huohuo. Povu la kunyunyizia wanalitafuna kirahisi. Chini ya mlango pigilia ukanda wa alumini wenye raba; raba ya tairi pekee haidumu.

Matundu ya hewa juu ya madirisha yafunikwe kwa wavu wa chuma wa macho ya milimita 6, ukazwe kwa misumari ya zege au waya wa kufungia. Wavu wa mbu wa plastiki hausaidii kitu. Lakini matundu hayo usiyazibe kwa simenti hata kidogo. Nyumba inayopikiwa kwa sigiri bila njia ya hewa hujaa gesi ya mkaa isiyo na rangi wala harufu, na hiyo imeua watu wengi usingizini. Afadhali panya.

Mpangilio wa kuziba una ujanja wake. Ukiziba kila kitu siku moja huku panya wako ndani, umewafungia pamoja na maua yako, na kwa kiu na njaa watakula hata yale ambayo hawakuyagusa. Ziba mengi, acha njia moja ile iliyoonyeshwa na majivu, weka mitego pande zake mbili, na uizibe ile ya mwisho baada ya usiku saba bila nyayo.

Wanaokaa vyumba vya kupanga vya safu, vile ambavyo Kampala huitwa mizigo, wana shida ya ziada. Mara nyingi kuta za kugawanya vyumba haziishii kwenye mabati, kwa hiyo panya anatembea juu ya vyumba vyote kana kwamba ni ukumbi mmoja. Kutega peke yako hapo ni kuwasaidia jirani. Zungumza na wapangaji wote mtege wiki moja, na mwenye nyumba aombwe wavu wa juu ya kuta kabla ya msimu, si baada. Mkikosa makubaliano, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji au mtaa) anaweza kuitisha kikao cha usafi.

Kwenye vyungu vyenyewe kuna mambo machache yenye nguvu. La kwanza ni unachochanganya kwenye udongo. Unga wa mifupa, damu iliyokaushwa, maganda ya ndizi, maganda ya karanga na mabaki ya chai yenye sukari vyote humwita panya. Maganda ya mpunga mara nyingi huwa na punje zilizovunjika. Tafuta maganda ya kahawa badala yake, tena yawe yameoza vizuri, na utandaze safu nyembamba, kwa sababu safu nene na kavu ni godoro la kuzalia. Mbolea ya samadi nayo iwe imeiva mpaka haina harufu.

La pili ni kifuniko. Kata duara la wavu wa chuma uleule wa milimita 6, upana wake uzidi mdomo wa chungu sentimita 2, ulipasue kutoka ukingoni mpaka katikati na ukate tundu la shina lenye nafasi ya kidole kimoja, ili shina likinenepa lisikatwe. Livishe, kunja ncha kali ndani, kisha tandaza kokoto za sentimita 2 hadi 3 juu yake. Kokoto ndogo kuliko hizo huzisukuma. Kipande kingine kidogo cha wavu kiwe chini, juu ya tundu la kutolea maji, hasa kwa madumu ya plastiki yaliyokatwa, ambayo watu hutoboa matundu mapana mno.

Kiangazi maji yaliyosimama kwenye kisahani huwa kivutio kuliko udongo. Mwaga yaliyobaki nusu saa baada ya kumwagilia. Sogeza vyungu sentimita 30 kutoka ukutani na kwenye pazia, kwani panya mdogo huruka juu karibu kiasi hicho na pazia ni ngazi kwake. Maua yanayoota kutoka kwenye kiini cha chini kama kitunguu, mbegu zinazoota na miche michanga ndivyo vya kuinua kwanza. Mshubiri na sansevieria (ua la majani marefu magumu) husumbuliwa zaidi wakati wa ukame, kwa ajili ya maji ya kwenye majani. Na ua jipya ulilonunua kwenye kitalu cha kando ya barabara likague chini ya chungu kabla halijavuka mlango.

Naftalini kwenye udongo ni sumu kwa watoto na haimfukuzi panya aliyezoea. Pilipili huoshwa na maji ya kwanza. Vifaa vya sauti vya kuchomeka ukutani panya huvizoea baada ya siku chache. Paka husaidia, ila ujue na yeye anapenda chungu chenye udongo laini, hivyo kokoto zinabaki palepale.

Kinyesi usikifagie kikavu, kwa maana vumbi lake linaingia puani. Fungua madirisha nusu saa, vaa glavu, lowesha kwa mchanganyiko wa Jik (dawa ya kung'arisha nguo) kikombe kimoja na maji vikombe tisa, subiri dakika tano, kisha okota kwa karatasi. Mchanganyiko huo usiumwagie kwenye udongo wa ua, mizizi itaungua. Udongo wenye kinyesi ukwanguliwe sentimita 3 za juu, utupwe, ujazwe mpya. Mizizi iliyoachwa wazi funika siku hiyohiyo, shindilia kwa vidole ili hewa isibaki katikati, mwagilia, na uweke ua kivulini wiki moja bila mbolea.

Kwa walio West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, hasa Arua na Zombo, kuna tahadhari moja ya pekee. Huko tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, bado ipo, na dalili yake ya mwanzo inaweza kuwa panya wanaokufa ovyo bila mtego wala sumu. Ukiwakuta hivyo usiwashike kwa mkono mtupu, na usikae karibu, kwa sababu viroboto huuacha mzoga uliopoa na kutafuta damu nyingine. Waarifu wahudumu wa afya wa kijiji. Mtu akipata homa ya ghafla pamoja na uvimbe kinenani, kwapani au shingoni, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo; dawa za tauni zipo na hufanya kazi vizuri zikianzwa mapema.