Mgeni wa Arusha, ujulikane mtaani kabla ya mlipuko wa ugonjwa

Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 kutangazwa Tanzania alipatikana hapa kwetu Arusha, tarehe 16 Machi 2020. Alikuwa ameshuka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) siku moja kabla akitokea Ubelgiji, na alikuwa Mtanzania. Naanza na hilo kwa sababu wiki ile ile, kwenye nyumba yangu ya kupangisha Ngarenaro, macho yote yalimgeukia fundi cherehani Mrundi wa chumba cha nne, ambaye safari yake ndefu kuliko zote mwaka ule ilikuwa ya kwenda sokoni kununua uzi.

Tangu wakati huo wamepita kwangu Wakenya, Wakongo, Wasomali na Warundi wengine, na kila anayehamia namweleza haya kabla hajatandika godoro.

La kwanza ni ofisi ya mtaa. Nenda sasa, wakati hakuna jambo. Ugonjwa ukiingia mjini, bwana afya hapiti akiuliza nani Mtanzania na nani mgeni. Anaanza kwa mwenyekiti wa mtaa, anauliza nyumba fulani ina watu wangapi, nani ana homa, nani alikaa na mgonjwa. Mwenyekiti naye anafungua daftari la wakazi. Kama humo jina lako halimo, hakuna atakayegonga mlango wako, si kwa kukuonya wala kwa kukusaidia. Nenda na nakala ya pasi na kibali, picha ndogo mbili, na namba ya simu inayopatikana. Ujue pia kwamba mwenyekiti na mtendaji ni watu wawili tofauti: mwenyekiti amechaguliwa na majirani, mtendaji ni mwajiriwa na ndiye mwenye mhuri. Barua ya utambulisho utaihitaji siku ambayo huna nguvu ya kuifuata, kwa mfano umelazwa na fedha zimeisha, unataka afisa ustawi wa jamii wa hospitali akusikilize. Na mwenye nyumba akikuambia usijiandikishe, ana lake, mara nyingi ni kodi ya serikali anayoikimbia. Nasema hivyo nikiwa mwenye nyumba.

La pili, karatasi zako zisikutane na mlipuko zikiwa zimebaki siku chache. Mwaka 2020 ndege za abiria za kimataifa zilisimamishwa kuanzia 12 Aprili hadi 18 Mei, na katikati ya Mei hiyo Kenya ikafunga mpaka wake na sisi isipokuwa kwa mizigo. Mpakani Namanga malori yalipanga foleni madereva wakisubiri vipimo. Aliyekuwa anasema "nitaruka Nairobi nirudi nigongewe mhuri mpya" alikwama. Ukiona mambo yanaanza kubana, nenda Uhamiaji kabla tarehe haijapita, na uende na maelezo ya maandishi. Ukishapitisha tarehe unaanza kujitetea badala ya kuomba. Anayefanya kazi kwa kibali azingatie zaidi, kwa kuwa kibali kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Arusha inakula kwa watalii. Watalii walipokatika, kampuni zilipunguza watu, na aliyepoteza kazi alijikuta hata ruhusa ya kukaa ina mashaka. Muulize mwajiri mapema atafanyaje, akujibu kwa barua.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iweke pamoja na pasi. Inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 inahesabiwa ya maisha, kwa hiyo usikubali kuambiwa imeisha baada ya miaka kumi. Ukiipoteza, hata hivyo, jiandae kudungwa tena.

Simu. Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, na hapo ndipo nilipogundua kuwa nusu ya wapangaji wangu walikuwa wanatumia laini zenye majina ya watu wengine. Ndugu akikutumia fedha, laini ikapotea, mwenye jina kahamia Babati. Sajili laini kwa pasi yako mwenyewe. Kisha andika ukutani namba 199 ya Wizara ya Afya, ambayo kuipiga ni bure.

Kuhusu lugha nitakaa kidogo, maana hapa ndipo niliona kosa kubwa. Gari la matangazo linapita na vipaza sauti, Kiswahili chake ni cha ofisini, na wenyeji wenyewe wanashika nusu. Bibi mmoja Msomali, mama wa mpangaji wangu, alikohoa siku mbili amejificha nyuma ya pazia. Tulipomkalisha na mjukuu wake akitafsiri, tukabaini alichosikia: tangazo lilisema "kujitenga", yeye akaelewa "kutengwa". Kwake yeye ilikuwa amri ya kufukuzwa na majirani. Herufi mbili tatu, na mtu mzima anakataa zahanati. Kwa hiyo kila jamii ya wageni ichague mtu mmoja anayesikia Kiswahili vizuri, jina lake na namba yake zipelekwe kwa mwenyekiti, na tangazo lolote likitoka apigiwe yeye kwanza alifafanue kwa Kisomali, Kirundi au Kifaransa. Msimchague kijana mwenye maneno mengi tu. Bibi huwa hamwamini. Yule mjukuu alikuwa na miaka kumi na mbili, na bado alitufaa kuliko vipaza sauti.

Kwenye dawa sina mengi. Matibabu ya kifua kikuu na dawa za kufubaza virusi vya ukimwi ni bure katika vituo vya umma, ila kadi ndiyo inayokutambulisha, na ukihama toka na barua ya uhamisho. Wa presha na sukari wasibaki na vidonge vya siku tatu. Kadi ya kliniki ya mtoto isikae kwa shangazi Nairobi. Ambaye karatasi zake zina kasoro asikae na homa ndani kwa kuogopa: muuguzi anauliza unaumwa nini.

La mwisho watu hawalipendi. Juni 2020 mpangaji wangu mmoja, mzee wa Machakos, alikufa kwa presha. Mpaka ulikuwa umefungwa kwa wasafiri, watoto wake wakawa wanabishana kwenye simu, mmoja anataka mwili usubiri, mwingine azikwe huku, na hakuna aliyejua mzee mwenyewe alitaka nini. Siku zilipita mochwari na gharama zikipanda. Mwishowe tulimzika hapa Arusha, watoto wakitazama kwenye simu niliyokuwa nimeishika mimi.

Sasa mpangaji mpya namuuliza mambo matatu na nayaandika kwenye daftari langu: jina kamili, simu ya mtu wa kwao, na akifa azikwe wapi. Kijana mmoja wa Bujumbura alicheka sana. "Mama, hata kodi ya mwezi wa kwanza sijalipa, unaniuliza kaburi?" Kisha akanyamaza kidogo, akaomba kalamu akaandika mwenyewe.