Ukiumia bandarini Mombasa: namna ya kudai fidia ya WIBA

Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya Kenya, ile ya mwaka 2007 inayojulikana kwa jina la WIBA, haiulizi nani alikosea. Nondo ya kufungia makontena ikikuponyoka ikakuvunja mguu, au ukikanyaga mafuta gatini ukaanguka, mwajiri anawajibika hata kama hakuna aliyezembea. Kwa hivyo mvutano wa madai haya ni nadra kuwa juu ya kosa. Huwa juu ya mambo mawili: wewe ni mfanyakazi wa nani, na ulikuwa ukilipwa kiasi gani. Kibarua hupoteza haki yake hapo, na mara nyingi huipoteza katika siku tatu za mwanzo, wakati angali kitandani akidhani kampuni "inashughulikia".

Siku ya ajali

Mwambie msimamizi wa shifti kwa mdomo, kisha mwandikie. Sheria inakubali taarifa ya mdomo, lakini maneno ya mdomo hayana risiti. Ujumbe mfupi wa simu unatosha: tarehe, saa, namba ya gati, jina la meli, ngama (chumba cha shehena melini) ya ngapi, mashine iliyohusika na namba yake, umeumia wapi, na majina ya wawili watatu mliokuwa nao. Hakikisha ajali imeandikwa katika kitabu cha ajali, upige picha ukurasa huo. Kama huwezi kusimama, mwenzako akufanyie kabla gengi halijatawanyika, kwani kesho yake watakuwa wamepangwa meli nyingine.

Ukifika hospitali, sema waziwazi kwamba umeumia kazini na utaje ulipoumia. Karatasi ya kwanza ya daktari ndiyo itakayosomwa na kampuni ya bima. Ikiandikwa "aliteleza nyumbani" kwa kuwa msimamizi aliyekupeleka alikuomba useme hivyo ili kampuni isisumbuliwe, itakuchukua miezi kuifuta, kama itafutika. Taja pia kila sehemu inayouma hata kidogo. Anayetaja mguu pekee, kisha mgongo ukaanza kumsumbua mwezi wa tatu, ataambiwa mgongo huo aliutoa kwingine.

Gharama za matibabu ni za mwajiri: daktari, upasuaji, kulazwa, nauli ya kwenda kliniki, hata mguu wa bandia ukihitajika. Ukilipa mwenyewe, weka risiti zote. Karatasi ya mashine ya duka la dawa hufifia, basi ipige picha siku hiyo hiyo.

Kuthibitisha mwajiri

Kazi ya bandarini hupitia mikono mingi. Anayekupangia shifti ni wakala, kazi ni ya kampuni ya upakuaji, gati ni la mamlaka ya bandari, na meli ni ya mtu mwingine kabisa. Ukiumia, kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole. WIBA humlinda mtu aliye chini ya mkataba wa ajira, na mkataba huo si lazima uwe wa maandishi wala wa kudumu. Kibarua wa siku naye yumo. Kinachotakiwa ni ushahidi.

Kusanya hivi: pasi ya kuingilia getini, na jina la kampuni iliyokuombea, ujumbe wa M-Pesa wa malipo, ambao unaonyesha jina la aliyetuma, taarifa ya makato ya NSSF, ikiwa yalikatwa, orodha za shifti zilizotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, karatasi za karani wa tali, yule anayehesabu shehena, zenye jina lako. Fanya hivi mapema. Simu zikibadilishwa na vikundi vikafutwa, ushahidi umekwenda nao.

Fomu na tarehe zake

Mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ofisi ambayo wengi huiita DOSH, ndani ya siku 7 tangu apate habari. Ikiwa mtu amefariki, ni ndani ya saa 24. Fomu yenyewe ni DOSH/WIBA 1: mwajiri hujaza sehemu yake, daktari hujaza ya kwake.

Mwajiri akikawia, usikae kumngoja. Nenda mwenyewe au umtume mtu ofisi ya DOSH ya Mombasa ukiwa na karatasi ya hospitali, kitambulisho na ushahidi wa ajira. Muda wa kuwasilisha dai ni miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Haki hupotea pia ikiwa ajali haikuripotiwa kwa mwajiri ndani ya miezi hiyo 12, isipokuwa ukithibitisha kuwa alijua kwa njia nyingine. Hapo ndipo ule ujumbe wa simu unapokuwa na thamani kuliko wakili.

Jihadhari na ahadi za "tutakupa kazi nyepesi, mambo ya fomu tuyaache". Kazi nyepesi ichukue, na fomu ipeleke.

Asilimia ya ulemavu

Kwa jeraha linaloacha kasoro ya kudumu, daktari hukadiria ulemavu kwa asilimia akifuata jedwali la sheria. Kuna haraka ya aina mbili hapa, na zote ni mbaya. Ya kwanza ni kukadiriwa mfupa ukiwa bado haujaunga, ukapewa asilimia ndogo, halafu kiungo kikakauka. Ya pili ni ya upande wa pili: kutia saini hati ya kumaliza madai ili upate pesa ya haraka kabla hata ya kukadiriwa. Ripoti ajali mara moja, lakini makadirio yangoje hali itulie, ilimradi usipitishe ile miezi 12 ya kuwasilisha dai. Mwajiri akitaka uonwe na daktari wake, nenda, naye ndiye atakayelipa. Beba picha za eksirei na uombe nakala ya ripoti.

Hesabu

Ukilazimika kukaa bila kazi siku 3 au zaidi, unastahili malipo ya vipindi sawa na mapato yako, kwa muda usiozidi miezi 12, ndani ya viwango vya chini na vya juu vilivyowekwa. Ulemavu wa kudumu hukokotolewa hivi: mapato ya mwezi, mara 96, mara asilimia ya ulemavu. Kwa kifo, wategemezi hulipwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96, na gharama za mazishi za kadiri hulipwa pia.

Tuseme unafanya shifti 20 kwa mwezi, kila moja shilingi 1,200. Mapato ni 24,000. Ulemavu wa asilimia 10 unakupa 24,000 × 96 × 10%, yaani shilingi 230,400. Sasa mwajiri akijaza fomu kwa mshahara wa 15,000, jibu ni 144,000. Umepoteza shilingi 86,400 kwa tarakimu moja iliyoandikwa kwa kalamu ya mtu mwingine. Isome fomu kabla ya kuondoka. Ovataimu ya kila mara huhesabiwa katika mapato. Ile ya kubahatisha haihesabiwi. Kama ulikuwa umefanya kazi siku chache mno, huangaliwa wenzako wa kazi kama hiyo wanapata ngapi.

Mkurugenzi akishatuma dai kwa mwajiri au kwa bima, linapaswa kulipwa ndani ya siku 90, na Mkurugenzi naye akupe pesa ndani ya siku 30 baada ya kuzipokea. Fuatilia ukiwa na namba ya faili mkononi. Bila namba hiyo utazungushwa.

Ukinyimwa

Sababu inayopendwa ni "hakuwa amevaa kofia" au "alikuwa amelewa". Utovu wa nidhamu wa makusudi unaweza kukunyima fidia, lakini kinga hiyo ya mwajiri haifanyi kazi pale ajali ilipoleta ulemavu mkubwa au kifo. Sababu nyingine ni kuwa uliumia njiani. Kama ulikuwa katika gari lililotolewa na mwajiri kuwapeleka kazini au kuwarudisha nyumbani, sheria inahesabu kuwa ulikuwa kazini.

Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, andika pingamizi kwake ndani ya siku 60. Anatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na kutoka hapo una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Usimshtaki mwajiri moja kwa moja kwa madai ya uzembe: WIBA imefunga mlango huo, na Mahakama ya Juu iliuacha umefungwa katika uamuzi wake wa Desemba 2019.

Baharia

Mtu wa ndani ya meli ana njia yake chini ya mkataba wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mwenye meli hulipia matibabu na mshahara, na hata pale sheria ya nchi inapomruhusu kuweka kikomo, hakiwezi kuwa chini ya wiki 16. Cheti cha dhamana ya kifedha chenye jina la bima kinatakiwa kubandikwa mahali pa wazi melini. Kipige picha siku unayopanda, ukiwa mzima. Ukiumia, omba nahodha aandike ajali katika kitabu cha meli kabla hujateremshwa.

Meli ikiwa ndiyo iliyokuumiza

WIBA inamkinga mwajiri wako peke yake. Kama winchi ya meli ilikatika waya, au ngazi ya ngama ilikuwa imeoza, mwenye meli ni mtu wa tatu na unaweza kumshtaki kwa uzembe, ingawa mahakama itazingatia fidia unayostahili kwa mwajiri. Ugumu ni kwamba meli huweza kung'oa nanga baada ya siku mbili. Mahakama Kuu ya Mombasa ina uwezo wa kuamuru meli izuiliwe ikiwa ingali bandarini, kwa hiyo wakili wa mambo ya bahari atafutwe siku hiyo hiyo, akiwa na picha za waya uliokatika kabla haujabadilishwa. Mpe pia namba ya IMO, yaani namba ya utambulisho wa meli, tarakimu 7 zilizochorwa kwenye tezi (sehemu ya nyuma ya meli) au kwenye jengo la juu la meli. Jina na bendera vyaweza kubadilishwa kabla meli haijarudi Kilindini, lakini namba hiyo haibadiliki.